Gazeti limefungiwa: uende Mahakama Kuu, Baraza la Ushindani au Mahakama ya Afrika Mashariki?

Barua ya kufungiwa ikishafika chumba cha habari, hesabu mbili za siku huanza kukimbia kwa pamoja. Moja ni miezi miwili ya kufungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Nyingine ni miezi sita ya kuomba kibali cha mapitio, yaani jaji kuupitia uamuzi wa ofisa wa serikali, katika Mahakama Kuu ya Tanzania. Hesabu hizi hazisubiriani, na hapo ndipo kesi nyingi nzuri hufia kabla hazijasikilizwa.

Ulinganisho huu ni kwa mmiliki, mhariri au chama cha waandishi Tanzania Bara kinachotaka kuamua pa kuelekea. Zanzibar ina sheria yake ya magazeti na Mahakama Kuu yake, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayaendi huko moja kwa moja, isipokuwa yale ya Arusha.

Barua yenyewe inakuelekeza

Kabla ya kumpigia wakili, weka barua mezani uisome ukitafuta mambo manne: nani ameisaini, ametaja kifungu gani, ametoa sababu gani, na uliitwa kujieleza au hukuitwa.

Gazeti la kuchapishwa liko chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Barua yake hutoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Habari (Maelezo) au kwa waziri. Redio, televisheni na maudhui ya mtandaoni yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na uamuzi wake hupitia Kamati ya Maudhui. Kampuni moja inaweza kuangukia pande zote mbili. Oktoba 2024, Mwananchi Communications ilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni kwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni, huku magazeti yake ya karatasi yakiendelea kutoka. Februari 2019 ilikuwa kinyume: The Citizen lilifungiwa na Idara ya Habari kwa siku saba kwa habari kuhusu kushuka kwa shilingi.

Sababu zilizoandikwa ndizo zitakazobeba kesi yako. Barua ikisema tu kwamba habari "ni ya uchochezi" au "inahatarisha amani", bila kuonyesha ni sentensi ipi na inahatarisha vipi, umepewa hoja ya kwanza. Kama hukupewa barua ya kujieleza, au ulipewa saa chache za kujibu tuhuma nzito, hiyo ni hoja ya pili. Andika siku na saa barua ilipopokelewa, nani aliipokea, na siku tangazo liliposikika hadharani. Mara nyingi mkutano na waandishi hutangulia barua kwa siku moja au mbili, na upande wa serikali utataka muda uhesabiwe tangu tangazo. Wewe hesabu tangu siku ile ya mwanzo kabisa, usipe nafasi ya ubishi.

Baraza la Ushindani na rufaa kwa waziri

Ukiadhibiwa na TCRA, njia iliyowekwa na sheria ni rufaa kwenda Baraza la Ushindani. Wengi hushangaa kukuta chombo cha masuala ya biashara kikisikiliza shauri la habari, lakini ndivyo usimamizi wa mawasiliano ulivyopangwa. Idadi ya siku za kukata rufaa huandikwa kwenye uamuzi, kwa kawaida kwenye aya ya mwisho ambayo watu huiruka. Kwa upande wa magazeti, uamuzi wa Mkurugenzi hukatiwa rufaa kwa waziri.

Faida ya njia hizi ni mbili. Hugharimu kidogo kuliko mahakama, na zinaziba mdomo wa pingamizi la awali linalosikika katika karibu kila shauri la mapitio, kwamba mlalamikaji ameruka njia aliyopewa na sheria. Udhaifu wa rufaa kwa waziri unaonekana bila darubini: Mkurugenzi yuko chini ya waziri huyohuyo. Udhaifu wa Baraza ni kwamba limezoea kupima kama utaratibu na kanuni vimefuatwa. Halina mamlaka ya kukwambia kwamba kanuni yenyewe inavunja Katiba. Kama ulitozwa faini kwa kosa ambalo kanuni haikulitaja, nenda Baraza. Kama ugomvi wako ni na kanuni, usitarajie jibu huko.

Lililo hatari zaidi ni kwamba rufaa hizi hazisimamishi hesabu ya miezi miwili ya Arusha. Unaweza kukata rufaa kwa heshima zote, ukasubiri jibu wiki kumi, na siku jibu linapokuja mlango wa Arusha uwe umefungwa.

Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio

Hii ndiyo njia ya kawaida pale unapotaka uamuzi mmoja ufutwe. Inaenda kwa hatua mbili, na watu huanguka katikati yake. Kwanza unaomba kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi, ukiwa na maelezo na hati ya kiapo. Ukipewa kibali, una siku 14 za kuwasilisha maombi yenyewe. Wapo wanaoshangilia kibali, wakili akasafiri, siku ya 15 ikafika.

Amri unazoweza kuomba ni kutengua uamuzi, kuzuia usitekelezwe au usirudiwe, na kumlazimisha ofisa atimize wajibu wake wa kisheria. Fidia ya hasara haimo humo. Hiyo ni kesi ya madai dhidi ya serikali, nayo hutanguliwa na notisi ya siku 90. Siku ya kuomba kibali, mwombe jaji pia asimamishe utekelezaji wa adhabu hadi shauri lisikilizwe. Ombi hili likisahaulika, gazeti litabaki limefungwa hata kama jaji anaona una hoja.

Kuhusu mwendo, mahakama hii inaweza kuwa ya haraka sana au ya taratibu sana. Mei 2018 watetezi wa haki na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu Mtwara kupinga kanuni za maudhui ya mtandaoni, zile zilizotaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Tarehe 4 Mei walipata zuio la muda. Kabla mwezi haujaisha, shauri likatupwa na kanuni zikaanza kazi. Kwa upande mwingine kuna MwanaHalisi, lililofungiwa Julai 2012 kwa muda usiojulikana baada ya habari zake kuhusu kutekwa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Mahakama Kuu ilitengua amri hiyo Septemba 2015. Waliokuwa wakilichapa, wakiliuza na kuliandikia walikaa zaidi ya miaka mitatu wakisubiri.

Bado, amri ya Mahakama Kuu ina uzito ambao ya Arusha haina: ofisa wa serikali anayeikaidi anakaidi mahakama ya nchi yake mwenyewe, na mawakili wa serikali wanalijua hilo vizuri.

Mahakama Kuu kwa njia ya Katiba

Ugomvi ukiwa na sheria yenyewe, kuna shauri la kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994, kwa kutumia Ibara ya 18 ya Katiba inayolinda uhuru wa maoni. Linasikilizwa na majaji watatu. Mwaka 2020 Bunge liliirekebisha sheria hiyo ili mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Marekebisho hayo yamepingwa mahakamani, lakini kwa vyovyote shauri husimama imara zaidi likibebwa na gazeti lililofungiwa au mwandishi aliyeshtakiwa, na mashirika ya haki yakaja kama waunga mkono.

Jambo la kujua mapema: hata ukishinda, Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama isiifute sheria papo hapo bali iipe serikali muda wa kuirekebisha. Kwa anayetaka kuchapisha toleo la Jumatano ijayo, hii si njia yake.

Arusha: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki

Mahakama hii haiulizi kama umevunjiwa haki ya kikatiba. Inauliza kama nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa Ibara ya 6(d) na 7(2) zinazozungumzia utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria. Andiko lenye kurasa 30 za Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania na mstari mmoja wa Mkataba limeandikiwa mahakama nyingine.

Aliyejenga daraja kati ya Mkataba na uhuru wa habari ni Umoja wa Waandishi wa Habari Burundi. Walipinga sheria ya habari ya nchi yao ya 2013, na hukumu ya tarehe 15 Mei 2015 ikasema vyombo vya habari huru ni sehemu ya demokrasia na uwajibikaji ambao nchi ziliahidi kwenye Mkataba. Vifungu vilivyomlazimisha mwandishi kutaja vyanzo vyake, na vilivyozuia habari kuhusu mambo kama uthabiti wa sarafu, vikaonekana kuvunja Mkataba. Vifungu vingine vya sheria hiyo vilipona. Hukumu ilitoka siku moja tu baada ya redio RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance kushambuliwa Bujumbura katika jaribio la mapinduzi la tarehe 13 na 14. Waandishi walioshinda Arusha walikuwa hawana studio za kutangazia ushindi wao. Hilo lisisahaulike unapopima mahakama hii ina nguvu kiasi gani.

Faida zake kubwa ni tatu. Hakuna kibali cha kuomba. Huhitaji kumaliza kwanza njia za ndani ya nchi. Na mlalamikaji anaweza kuwa mtu yeyote, kampuni, chama au shirika, mradi awe mkazi wa nchi mwanachama. Mhariri aliyehamia Muscat au Toronto atakuwa na shida ya ukazi, lakini kampuni yake iliyosajiliwa Dar es Salaam haina. Hati zinaweza kupokelewa kwenye masijala ndogo za nchi wanachama, si lazima kupanda basi la Arusha. Lugha ya mahakama ni Kiingereza kwa mujibu wa Ibara ya 46 ya Mkataba, kwa hiyo makala ya Kiswahili iliyoleta matatizo itahitaji tafsiri, nayo ifanywe na mtu anayeijua lugha ya magazeti. Neno la kejeli kwenye kichwa cha habari likitafsiriwa vibaya linaweza kusomeka kama tuhuma ya jinai.

Hasara ya kwanza ni ile miezi miwili ya Ibara ya 30(2) ya Mkataba. Mahakama imekataa mara kwa mara kuiongeza, na imekataa hoja kwamba kosa "linaendelea" kwa hiyo muda haujaisha. Amri ikitangazwa tarehe 10 Machi, chukulia 10 Mei kuwa ukuta, na lenga kuwasilisha kabla ya mwisho wa Aprili ili masijala ikirudisha hati kwa kasoro uwe na siku za kurekebisha. Kwa sheria mpya, muda huanza inapotungwa au kuchapishwa, si siku itakapokugusa wewe. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walilielewa hilo: Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016, shauri lao likafunguliwa Januari 2017. Hukumu ya Machi 2019 ilikubali kwamba vifungu vingi, vikiwamo vya kashfa ya jinai, uchochezi na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho, vinakiuka Mkataba. Serikali ikaagizwa kuirekebisha sheria. Marekebisho yenye uzito yalikuja Juni 2023, na hayakugusa yote.

Hasara ya pili ni utekelezaji, na hapa mfano wa kuutazama kwa karibu ni gazeti la Mseto. Lilifungiwa kwa miaka mitatu Agosti 2016, bado chini ya sheria ya 1976. Wachapishaji wake, Hali Halisi Publishers, walifungua shauri namba 51 la mwaka huohuo. Tarehe 21 Juni 2018 majaji walisema amri ya waziri haikuonyesha namna habari ile ilivyohatarisha amani, wakaagiza ifutwe na gazeti liruhusiwe kuchapisha tena. Ni ushindi mkubwa kuliko wowote ambao gazeti la Tanzania limepata nje ya mahakama za nchi yake. Lakini miaka mitatu ya adhabu iliisha Agosti 2019, na leseni ilirudi mkononi Februari 2022, pale waziri mpya wa habari, Nape Nnauye, alipoyafungulia Mseto, MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima kwa siku moja. Kati ya hukumu na leseni ilipita zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Mlango uliofungwa

Bado wapo wanaoshauri watu waende Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa sababu nayo iko Arusha na iliwahi kutoa hukumu nzito ya Konaté dhidi ya Burkina Faso, Desemba 2014, iliyosema kumfunga mhariri kwa kashfa kunavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hoja zake bado zinanukulika popote. Ila Tanzania ilijiondoa kwenye tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki, na kujiondoa huko kulianza kazi tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilijiondoa kabla yake. Kenya, Uganda na Burundi hazikuwahi kutoa tamko hilo. Kinachobaki ni Tume ya Afrika, Banjul, inayodai umalize kwanza njia za ndani na ambayo huchukua miaka. Ipeleke huko kesi ambayo imeshashindwa Mahakama ya Rufani.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kifungo cha gazeti cha siku saba au 30 hakiwezi kuwahiwa na mahakama yoyote iliyotajwa hapa. Adhabu itakuwa imekwisha kabla ya tarehe ya kutajwa. Thamani ya kwenda mahakamani ni kuzuia isirudiwe, na ushauri wetu ni huu: kama ni TCRA, kata rufaa Baraza la Ushindani ili kusafisha rekodi, maana adhabu ya kwanza hutajwa kama kigezo cha kuongeza ya pili. Kwanza Online TV ilisimamishwa miezi sita mwaka 2019, kisha miezi 11 mwaka 2020.

Kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu kinahitaji njia mbili kwa wakati mmoja. Fungua maombi ya kibali Mahakama Kuu pamoja na ombi la kusimamisha adhabu, kwa sababu huko ndiko gazeti linakoweza kurudi mitaani mapema. Kisha fungua Arusha kabla miezi miwili haijaisha, ukijenga hoja ya Mkataba tupu. Upande wa pili utadai unashtaki mara mbili kwa jambo moja. Jibu ni kwamba swali la Mahakama Kuu ni kama waziri alifuata sheria ya nchi, na swali la Arusha ni kama nchi ilifuata Mkataba. Hakikisha hati zako zinaonyesha tofauti hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Usinakili aya.

Kama fedha zinatosha njia moja tu, tunachagua Mahakama Kuu kwa gazeti lenye wafanyakazi wanaosubiri mishahara, na Arusha kwa chama cha waandishi kinachotaka sheria ibadilike. Kwa sheria mpya au kanuni mpya, Arusha kwanza bila kusita. Ile ya kikatiba nchini inaweza kufuata.

Msomaji wa Kenya atashangaa kwa nini tunazungumza kwa miaka. Kwao, Katiba ya 2010 ina ibara nzima ya uhuru wa vyombo vya habari, ya 34, na Mahakama Kuu hutoa amri za muda haraka. Tarehe 25 Juni 2025, mamlaka ya mawasiliano ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, mahakama iliisimamisha amri hiyo siku hiyohiyo. Mwaka 2018 Citizen, NTV na KTN zilipozimwa, amri ya kuziwasha ilitoka ndani ya siku mbili, ingawa serikali iliburuta miguu siku kadhaa. Mkenya ana sababu chache za kuanzia Arusha.

Leseni, tatizo linalosahaulika

Tangu sheria ya 2016, leseni ya gazeti ni ya mwaka mmoja. Gazeti likifungiwa kwa miezi 24, leseni inakufa ndani ya kifungo. Siku kifungo kinapoisha, au mahakama inapokitengua, utaambiwa huna leseni na ombi lako "linashughulikiwa". MwanaHalisi lilifungiwa miezi 24 Septemba 2017. Hesabu hiyo iliisha Septemba 2019, likarudi kupewa leseni Februari 2022.

Basi omba kuhuisha leseni kila inapofika tarehe yake hata ukiwa umefungiwa, lipa ada kama itapokelewa, na tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupokea, tuma kwa rejista ya posta na uhifadhi risiti. Halafu, kwenye maombi yako ya mahakamani, usiishie kuomba "amri ya kufungia itenguliwe". Omba pia mhusika aagizwe kupokea na kuamua ombi la leseni ndani ya siku zinazotajwa kwa idadi.

Jalada la ushahidi liwe tayari wiki ya kwanza: nakala halisi tatu za toleo lililolalamikiwa, barua zote za kujieleza na majibu yake, tangazo la Gazeti la Serikali lenye namba yake kama lipo, leseni, hati za usajili wa kampuni, mkataba wa kiwanda cha uchapaji, orodha ya mishahara, na mikataba ya matangazo iliyokatishwa pamoja na barua za wateja. Matoleo ya mtandaoni yahifadhiwe kwa picha za skrini zenye tarehe na anwani ya ukurasa kabla ya kuyaondoa, maana mara nyingi amri hudai uondoe maudhui ndani ya saa chache, na ukiyaondoa bila nakala umeondoa ushahidi wako mwenyewe.

Hukumu ya Arusha ikitoka na isitekelezwe, Ibara ya 38(3) ya Mkataba inaitaka nchi itekeleze bila kuchelewa. Andika barua kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndani ya wiki hiyo, ambatanisha hukumu, taja siku za kutekeleza, na peleka nakala kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya. Barua hiyo ndiyo itakayokuwa kiambatanisho cha kwanza utakaporudi mahakamani kulalamikia ukaidi.